Tarehe Kabla ya Jina

Septemba 2023, mlango wa kuingilia kwenye kompyuta ya mtu ulikuwa picha. Mwenye kompyuta hakuhitaji kubonyeza kiungo cha kutiliwa shaka wala kupakua programu ya bure. Ilitosha kivinjari chake kikutane na picha ya aina ya WebP iliyotengenezwa kwa nia mbaya. WebP ilibuniwa na Google mwaka 2010 ili picha ziwe nyepesi na kurasa zifunguke haraka. Kazi ya kuifumbua hufanywa na kijiprogramu kiitwacho libwebp, ambacho kilikuwa kikitenga nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa kuamini kwamba majedwali yanayokuja na picha hayawezi kuzidi ukubwa fulani. Yaliweza. Mjanja mmoja aliunda jedwali lililozidi nafasi hiyo, data zikamwagika hadi sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, na kumwagika kwa namna hiyo ndiko wavamizi wanakokuvizia, maana hapo ndipo wanapopenyeza maagizo yao wenyewe.

Mwanya huo uliripotiwa na wahandisi wa usalama wa Apple pamoja na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto. Google ilitoa marekebisho ya Chrome Septemba 11 na kukiri kwamba tayari kulikuwa na watu wanaoutumia. Mozilla ikarekebisha Firefox siku iliyofuata. Edge, Brave na Opera nazo zikafuata, kisha programu ambazo wengi hawajui kuwa zimebeba kivinjari tumboni, kama Slack na Discord.

Anayeniuliza kivinjari kipi ni salama zaidi, kisa hiki kinamjibu vizuri kuliko maelezo yangu. Wiki ile majina hayakuwa na maana. Mwenye Firefox na mwenye Chrome walikuwa na shimo lile lile, na kilichowatenganisha walio salama na wasio salama ni tarehe ya toleo walilokuwa nalo. Jina lina uzito wake, nitalifikia, lakini linahusu zaidi faragha. Usalama huanzia kwenye tarehe, na watumiaji wengi hawajui hata pa kuitazama. Kwenye Chrome bonyeza nukta tatu za pembeni, nenda Msaada, kisha Kuhusu Google Chrome. Kwenye Firefox ni mistari mitatu, Msaada, Kuhusu Firefox. Kwenye kompyuta, kufungua tu ukurasa huo hukifanya kivinjari kijikague na kuanza kujisasisha.

Kuna sababu ya haraka hii ya kusasisha, ambayo kampuni hazipendi kuieleza kwa uwazi. Msimbo wa Chromium, ambao ndio kiini cha Chrome, uko wazi kwa yeyote kuusoma, na wa Firefox pia. Marekebisho yanapoingizwa humo, wema na wabaya wanayaona pamoja. Ni kama mtaa wa nyumba zilizojengwa na fundi mmoja: siku komeo la mlango wa uani linapobadilishwa kwenye nyumba ya kwanza, mwizi anayepita anajua milango ya uani ya nyumba zilizobaki ikoje. Siku zilizopo kati ya marekebisho kuonekana na marekebisho kukufikia ndizo za hatari kubwa. Ndiyo maana Chrome, iliyokuwa ikitoa toleo jipya kila baada ya wiki sita, ilishuka hadi wiki nne mwaka 2021, na tangu Agosti 2023 hutoa marekebisho ya usalama kila wiki. Malalamiko kwamba masasisho yamezidi nayasikia sana. Yamezidi kweli, na afadhali yalivyozidi.

Tatizo ni kwamba sasisho lililopakuliwa halijafanya kazi bado. Linasubiri kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya, na kuna watu wenye vichupo arobaini ambao hawajakifunga tangu Krismasi. Kompyuta inayolazwa kwa kufunikwa tu kila jioni inaweza kukaa na toleo la mwezi uliopita huku jipya limekaa pembeni likingoja. Vichupo vyenyewe havipotei. Kivinjari ukikianzisha upya kwa kitufe chake cha sasisho, hurudisha vyote isipokuwa vya dirisha la faragha.

Kwenye simu kuna kikwazo kingine, nacho ni bando. Play Store mara nyingi huja ikiwa imepangwa kusasisha programu kwa Wi-Fi peke yake. Mpango huo una busara huko ambako kila nyumba ina Wi-Fi. Anayeishi kwa bando la siku hukutana na Wi-Fi ofisini au hotelini, pengine asikutane nayo mwezi mzima, na simu yake hubaki nyuma bila yeye kujua. Sishauri kufungulia masasisho yote yale MB. Michezo na programu za kuhariri video zitalimaliza bando kabla ya adhuhuri. Sasisha kwa mkono vitu viwili tu: kivinjari, na kile kinachoitwa Android System WebView. Hicho cha pili hakina alama kwenye skrini, lakini ndicho programu nyingi hukitumia zinapofungua kurasa ndani yake zenyewe, kwa hiyo kikichakaa, programu hizo zote zimechakaa nacho.

Na kwa kuwa nimesisitiza masasisho kiasi hiki, lazima nitaje wezi wanaoishi kwa neno hilohilo. Kwa miaka kadhaa sasa genge linalotumia programu hasidi ijulikanayo kwa wataalamu kama SocGholish limekuwa likivamia tovuti halali na kuweka ndani yake ukurasa unaosema kivinjari chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa usasishe. Ukurasa wenyewe hutengenezwa vizuri, wenye nembo ya Chrome kwa mwenye Chrome na ya Firefox kwa mwenye Firefox. Kinachopakuliwa ni programu ya uvamizi. Kanuni yake ni nyepesi: sasisho la kweli halitokei katikati ya tovuti ya habari au ya mapishi. Hutokea kwenye menyu ya kivinjari chenyewe, au kwenye duka la programu, basi.

Sasa tuseme umefanya yote hayo na ukurasa wa Kuhusu unakuambia huwezi tena kupata toleo jipya. Hapo si kivinjari kilichozeeka, ni mfumo endeshi ulio chini yake. Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho iliyokubali Windows 7 na Windows 8.1. Kwa simu, Chrome 138 ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwa Android 8 na 9. Kuanzia 139 inadai Android 10. Laptopu za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, na simu za mkono wa pili zinazopita kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake, zipo nyingi upande wa pili wa mstari huo. Ukinunua kifaa kilichotumika, ukubwa wa RAM usikupumbaze kabla hujauliza toleo la mfumo wake na kama linaweza kupandishwa.

Mozilla ilishughulikia Windows 7 kwa upole zaidi. Iliwaachia watumiaji wake tawi la Firefox 115, ambalo halipati mambo mapya lakini liliendelea kupewa marekebisho ya usalama, na muda wake ukaongezwa zaidi ya mara moja. Kwa Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure Oktoba 14, 2025, vivinjari vikubwa havikuondoka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye mashine hiyo ana nafuu ya muda: kivinjari chake kinalindwa ingawa sakafu chini yake inaoza taratibu. Nafuu hiyo itumike kupanga, isichukuliwe kama ruhusa ya kusahau.

Wakati mwingine kifaa cha zamani hakivamiwi na mtu, ila kinafungiwa nje. Let's Encrypt, shirika linalotoa bure vyeti vya usalama kwa mamilioni ya tovuti, lilitangaza Novemba 2020 kwamba cheti mama kilichokuwa kikiwadhamini kingekwisha muda Septemba 2021, na kwamba cheti chao wenyewe hakikujulikana kwa simu za Android zilizotangulia toleo la 7.1. Wakati huo simu hizo zilikuwa asilimia 33.8 ya simu zote za Android. Maana yake theluthi moja ya wenye Android duniani wangeanza kuona onyo la hatari kwenye tovuti ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Waliokolewa na kichekesho cha kiufundi: Android ya zamani haikuwa ikikagua tarehe ya mwisho ya vyeti mama, kwa hiyo udhamini ukaongezwa miaka mitatu juu ya cheti kilichokwisha kufa. Muda huo nao uliisha 2024. Tangu mwanzo ushauri wa shirika kwa wenye simu hizo ulikuwa watumie Firefox, kwa sababu yenyewe hubeba orodha yake ya vyeti badala ya kutegemea ya simu. Hapa ni mahali pamoja ambapo jina la kivinjari lilikuwa na maana kuliko tarehe.

Upo mzigo mwingine unaowabakiza watu kwenye matoleo ya kale, nao hautokani na kifaa wala bando. Unatokana na wajenzi wa mifumo. Hakuna walioonja adha hiyo kuliko Wakorea Kusini.

Miaka ya 1990 Marekani ilikuwa ikizuia kuuza nje teknolojia imara ya kusimba data, na vivinjari vilivyotoka huko kwenda nchi nyingine vilikuja na ufunguo dhaifu wa biti 40. Wakorea walitaka benki za mtandaoni, hawakutaka kusubiri, wakaunda usimbaji wao wa biti 128 ulioitwa SEED. Lilikuwa jambo la kujivunia. Lakini kivinjari hakikuijua SEED, hivyo ikabidi iingizwe kama kijalizo cha ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer tu. Sheria ya saini za kidijitali ya 1999 ikavipa nguvu vyeti vilivyotegemea mpango huo. Matokeo yake nchi yenye intaneti ya kasi kuliko karibu nchi zote ikakaa zaidi ya miaka kumi haiwezi kulipia bidhaa wala kutuma pesa benki bila kivinjari kimoja cha kampuni moja ya kigeni. Microsoft ilipokaza masharti ya ActiveX kwenye Windows Vista mwaka 2007, huduma za benki zilikwama. Mwaka 2014 Rais Park Geun-hye mwenyewe alilalamika hadharani kwamba Wachina walioipenda tamthilia ya Kikorea walitaka kununua koti la mhusika mkuu, wakashindwa kulipa kwa sababu ya vyeti na vijalizo hivyo.

Hasara ya koti ni ndogo. Kubwa ni kwamba kwa miaka yote hiyo kila benki na kila duka lilimtaka mteja abonyeze kukubali programu isakinishwe kwenye kompyuta yake, na asipokubali hahudumiwi. Taifa zima likafundishwa, kwa jina la usalama, tabia ile ile ambayo kirusi huitegemea. Vyeti hivyo vilipoteza hadhi yao ya kisheria Desemba 2020, na Internet Explorer ikastaafishwa Juni 2022, miaka ishirini na mitatu baada ya sheria ile.

Mifumo yetu ya maombi, kodi na matokeo haijafika huko, lakini mbegu ipo. Mjenzi anaujaribu mfumo kwenye Chrome ya laptopu yake, anaona umekubali, anaandika pale juu kwamba mfumo huu hufanya kazi vizuri kwa Chrome, anaondoka. Mwenye iPhone fomu inamkatalia kwenye kupakia picha ya pasipoti, anaambiwa tatizo ni simu yake. Na ofisi yenye mfumo wa ndani wa mwaka 2010 hubakiza kompyuta moja na kivinjari chake cha kizamani, kisha watumishi hao hao hukitumia kufungulia barua pepe. Kwa ofisi kama hiyo Edge ina hali maalumu inayoiga Internet Explorer kwa tovuti utakazozitaja tu, na Microsoft imeahidi kuihudumia angalau hadi 2029. Afadhali hiyo kuliko kumfufua marehemu kwa kazi zote.

Kwa mtumiaji wa kawaida tovuti inapogoma, mara nyingi mkosaji ni kiendelezi kinachozuia matangazo au vidakuzi vilivyochakaa. Ifungue kwenye dirisha la faragha, ambako kwa kawaida viendelezi huwa vimezimwa. Ikikubali, umempata.

Siku hizi ugomvi wa vivinjari kutopatana umepungua kwa sababu isiyonifurahisha: injini zinazoviendesha zimebaki tatu. Opera iliacha yake mwaka 2013 ikahamia kwenye Chromium. Microsoft, iliyowahi kutawala uwanja huu, ilitangaza kushindwa Desemba 2018, na Edge mpya ya Januari 2020 ni Chromium pia. Imebaki Safari ya Apple na Firefox ya Mozilla. Mwanya wa libwebp ulivipata vyote kwa sababu vilichangia kijiprogramu kimoja; fikiria sasa ni mistari mingapi ya msimbo Chrome, Edge, Opera na Brave zinachangia.

Hapa ndipo jina linapopata uzito, maana mwenye injini huamua pia nani akufuatilie. Kidakuzi kilibuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994, kwa kazi njema ya kuiwezesha tovuti kukukumbuka. Wauza matangazo wakagundua kwamba kidakuzi kilichowekwa na tangazo lao kwenye gazeti wanaweza kukisoma tena kwenye duka la viatu, na kwenye tovuti ya hospitali. Firefox ilianza kuwazuia wafuatiliaji hao bila mtumiaji kuomba Septemba 2019, na Juni 2022 ikatenga vidakuzi vya kila tovuti na sehemu yake. Safari ilizuia vidakuzi vya wageni vyote Machi 2020. Google iliahidi Januari 2020 kuviondoa Chrome ndani ya miaka miwili, ikasogeza mbele, ikasogeza tena, na Aprili 2025 ikasema mambo yatabaki yalivyo. Wahandisi wake hawakosi uwezo. Kampuni inaishi kwa matangazo, na nadhani hilo linatosha kueleza.

Wala nisimpake mafuta mwingine. Kesi ya ushindani dhidi ya Google huko Marekani ilifichua kwamba mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya utafutaji ya kwanza kwenye Safari, na sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka mfuko huo huo. Kivinjari kinachokulinda dhidi ya mfanyabiashara kinalishwa naye. Mwenyewe natumia Firefox kwa kazi nyingi na sijidanganyi kuhusu hilo.

Kuhusu dirisha la faragha, wengi wanalipa sifa lisizokuwa nazo. Kesi iliyofunguliwa 2020 dhidi ya Google ilimalizika 2024 kwa makubaliano ya kufuta mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa wakati watu wakidhani wamejificha. Dirisha hilo hufuta historia na vidakuzi kwenye mashine uliyokalia. Tovuti bado inakuona, mtoa intaneti bado anaona umekwenda tovuti gani, na mchanganyiko wa ukubwa wa skrini, fonti na mipangilio yako unaweza kukutambulisha bila kidakuzi chochote. Utafiti wa Peter Eckersley wa mwaka 2010 uliona zaidi ya asilimia 83 ya vivinjari vilivyopimwa vikiwa havifanani na kingine chochote.

Jambo la karibu zaidi na sisi ni Opera Mini, iliyotusomesha magazeti kwa KB chache tangu enzi za simu za vitufe. Siri ya uchumi wake ni kwamba, katika hali yake ya kubana sana, ukurasa haufunguliwi na simu yako. Unafunguliwa na seva za Opera, unakandamizwa, ndipo unaletewa. Ili kuukandamiza lazima seva iusome, na kampuni yenyewe imesema wazi kwamba kwa njia hiyo hakuna usimbaji unaoanzia kwako hadi kwenye tovuti bila kufunguliwa katikati. Kwa habari na matokeo ya mpira ni mapatano ya haki. Kwa benki sivyo. Kazi hiyo ifanye kwa kivinjari kamili, na ukurasa mmoja wa benki haumalizi bando.

Linabaki suala la steshenari, au saiba kwa wa Kenya, ambako maombi ya mkopo wa chuo, kodi na vyeti vya kuzaliwa hujazwa na kijana wa kaunta kwenye mashine iliyopitiwa na watu mia. Hapo ndipo dirisha la faragha linapofanya kazi liliyoumbiwa, kwa sababu unayejificha kwake ni mteja anayefuata kwenye kiti hicho. Mwambie kijana alifungue kabla hujaanza, na kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, jibu ni hapana hata kama foleni ni ndefu. Dirisha hilo halizuii programu ya wizi iliyokwisha kuingia kwenye mashine, kwa hiyo kabla ya yote omba uoneshwe ukurasa wa Kuhusu. Ukiona Chrome 109, lipia kuchapa na kuskani tu, namba ya kitambulisho na nenosiri uziingize kwenye simu yako.